KIBARUA, KONTRAKTA NA KODI
Maneno yaliyosemwa na katibu mwenezi wetu mbele ya madereva, mautingo, wapakiaji na mafundi wa Tunduma



Tumekuja mbele yenu leo kwa sababu ya karatasi. Juma lililopita vijana wawili wapakiaji walitujia na karatasi ya ukurasa mmoja. Tajiri wao, ambaye hatumtaji, aliwaambia watie sahihi kabla ya kupewa kazi tena. Karatasi ilisema kwamba tangu siku ile wao si wafanyakazi wake bali ni makontrakta huru. Kila mmoja atajilipia kodi yake, atajitibu akiumia, wala asidai likizo. Mmoja alikwisha kutia sahihi. Mwenziwe akatuuliza: "Ndugu katibu, hapa nimepandishwa cheo au nimefukuzwa?"

Swali hilo ni la maana kuliko hotuba nyingi tulizokwisha kuzitoa katika uwanja huu.

Wazee mnajua neno kibarua limetoka wapi. Ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Katika siku za Mwingereza kulikuwa na kipande pia, kadi ya siku 30, na mtu alipozitimiza siku zake ndipo alipolipwa. Watu wengi wa nyanda hizi za kusini walikwenda katika mikonge ya Tanga, na tangu 1944 walichukuliwa na lile shirika la SILABU, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Wengine walikwenda Lupa kwenye dhahabu, wengine wakavuka mpaka huu kwenda migodi ya shaba. Basi karatasi na jasho vimefuatana siku nyingi.

Lakini tusidanganyane kwamba kibarua siku zote alikuwa mjinga. Miongoni mwa makuli wa bandarini wako waliopenda malipo ya kutwa, maana siku wasiyotaka kazi hakuna aliyewaamrisha. Na makuli wa Dar es Salaam ndio waliogoma 1939, wakagoma tena 1947, vibarua kama walivyo. Kwa hiyo sisi hatusemi kwamba kila mtu lazima aandikwe kazi. Fundi wa kuchomea vyuma mwenye mashine yake, anayehudumia malori kumi ya matajiri kumi na kupanga bei yake mwenyewe, huyo ni kontrakta kweli kweli, na hatutaki mtu amfanye mtumishi.

Twauliza jambo moja tu: Je, aliyechagua ni nani?

Sheria yenyewe haisomi jina lililoandikwa juu ya karatasi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, yatazama kazi ilivyo. Je, mwenye kazi ndiye anayekuamuru namna ya kuifanya? Ndiye anayepanga saa zako? Wewe ni sehemu ya shirika lake? Umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Riziki yako yamtegemea yeye? Vyombo vya kazi ni vyake? Humfanyii mtu mwingine? Likiwapo hata moja katika hayo, wewe wahesabiwa kuwa mfanyakazi mpaka yeye athibitishe kinyume chake. Saa 45 kwa mwezi, ndugu zangu! Utingo anayelala chini ya lori katika foleni hapa mpakani huzimaliza kabla ya juma kwisha.

Sasa tuje kwenye hesabu. Sisi tulisomea ualimu, mtatuvumilia.

Tajiri aliwaambia vijana kwamba wakiwa makontrakta watapata nafuu ya kodi. Tuchukue mpakiaji anayepata shilingi 270,000 kwa mwezi. Akiwa ameandikwa kazi, mshahara wa kiasi hicho tangu 2020 haukatwi kodi ya mapato. Akiwa kontrakta, kwa mwaka anapata 3,240,000, nayo iko chini ya milioni 4 ambayo jedwali la wafanyabiashara wadogo lililoanza Julai 2019 haliitozi. Basi nafuu iko wapi? Tena kontrakta anayelipwa kwa huduma hukatwa kodi ya zuio, asilimia 5. Hiyo ni 13,500 kila mwezi, na asipopewa cheti cha kukatwa hana cha kuonyesha akidai haki yake.

Aliyepata nafuu ni tajiri. Mfanyakazi akiandikwa, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na nusu yake ni ya mwajiri. Kwa kijana yule ni 27,000 kwa mwezi, yaani 324,000 kwa mwaka. Kweli naye hukatwa nusu yake, na wako wanaonung'unika; lakini fedha hiyo ina jina lake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao huchangiwa na mwajiri peke yake. Gunia likikuvunja mgongo ndipo utakapojua tofauti.

Kwa makontrakta wa kweli tuna neno jingine: daftari. Katika jedwali hilo la 2019, fundi mwenye mauzo ya milioni 6 kwa mwaka asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Kwa milioni 9, bila daftari ni 250,000. Kwa daftari 150,000. Daftari la shilingi chache laokoa laki nzima! Bunge hugeuza viwango kila Juni, basi ulizeni jedwali la mwaka wenu katika ofisi ya TRA, msiulize kijiweni.

Na wanaotaka kuungana? Ubia hautozwi kodi ya mapato wenyewe; kila mbia hutozwa kwa fungu lake. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida na yataka mhasibu. Kwa wapakiaji sita wenye mikokoteni miwili hatuoni haja ya kampuni, ingawa jina lake hupendeza mlangoni.

Madereva mnakumbuka Aprili na Mei 2015, mabasi na malori yaliposimama nchi nzima, na moja ya madai ilikuwa mikataba ya kazi. Watu waligoma ili wapate karatasi. Leo wengine wanaletewa karatasi, nao watie sahihi bila kusoma?

Yule kijana aliyekataa sahihi ameambiwa asirudi. Shauri la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30, na siku tisa zimekwisha kupita. Tumeandika naye majina ya waliomwona akifanya kazi na siku alizolipwa. Aliyetia sahihi naye tumemwambia kwamba kifungu cha 61 chamhusu vile vile.

Jumamosi saa nane tutakaa hapa tena. Kila mwenye karatasi ya namna hiyo aje nayo, na asiyejua kusoma aje na mtoto wake wa shule.