Diski ya Pili Iende Wapi? Kumbukumbu za Biashara Masisi na Walikale



Bati la Bisie, Walikale, hapa mashariki mwa Kongo, ni malighafi ya lehemu inayoshika vipande vya saketi. Koltani ya Rubaya, Masisi, hutoa tantali ya kutengenezea kapasita ndogo zilizomo katika simu na kompyuta. Umoja wa Mataifa hukadiria kuwa Rubaya pekee huchangia takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. Hata hivyo, si ajabu kukuta hapa kwetu hesabu za biashara nzima zimelala juu ya diski moja.

Kumbukumbu za hesabu hizo zina thamani. Tangu Marekani ilipopitisha sheria ya Dodd-Frank mwezi Julai 2010, wanunuzi wa ng'ambo huuliza madini yametoka shimo gani. Gunia hufungwa lebo yenye namba mgodini, kisha namba hiyo huandikwa, hufuatwa na hulinganishwa njiani kote. Namba ikipotea, mwenye gunia hana cha kumwonyesha mnunuzi. Vivyo hivyo chama cha akiba na mikopo kilichopoteza hesabu za wanachama wake hakiwezi kuthibitisha nani anadai na nani anadaiwa.

Njia moja ya kutotegemea diski moja ilipendekezwa zamani. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa makala iliyopendekeza diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi pamoja badala ya diski moja kubwa ya ghali. Mpango huo waliuita RAID, nao una ngazi kadhaa.

RAID 0 hugawa data kati ya diski ili kuongeza kasi; diski moja ikifa, vyote vimekwenda. Haifai kwa hesabu za fedha. RAID 1 huandika kitu kilekile kwenye diski mbili, hivyo diski mbili za terabaiti 4 hukupa nafasi ya terabaiti 4 tu. RAID 5 huhitaji diski tatu au zaidi, na huhifadhi pia hesabu ya ulinganifu. Chukua 5 na 7, uandike jumla yake, 12. Ukipoteza 7, unaitafuta kwa kutoa 5 kwenye 12. Kompyuta hutumia hesabu ya aina nyingine, ila mantiki ni hiyo. Diski nne za terabaiti 4 hukupa nafasi ya terabaiti 12, na moja ikifa, kazi inaendelea.

Kwa ofisi ndogo inayotegemea sola na jenereta, mimi nashauri RAID 1. Umeme ukikatika RAID 5 inapoandika, data yaweza kuwa imeshaingia huku hesabu ya ulinganifu ikibaki ya zamani. Ngazi yoyote utakayochagua, nunua ondulere, ile betri inayoishikilia kompyuta mpaka izimwe kwa utaratibu. Usinunue diski zote za toleo moja, kwa sababu zaweza kuchoka kwa pamoja. Na mpe mtu mmoja kazi ya kusoma maonyo: diski moja ikifa, mashini huendelea kana kwamba hakuna kitu, hadi siku diski ya pili itakapokufa.

Lakini RAID hutukinga na kifo cha diski tu. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika pote mara moja. Kirusi nacho hakichagui diski. Wala RAID haiokoi ofisi nzima ikipotea. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma; ofisi iliyofunikwa ilizikwa na kila kilichokuwemo. Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi Bisie na kuwaondoa wafanyakazi, na siku chache baadaye waasi wa M23 waliingia mji wa Walikale. Masisi-kati ilikuwa imeshatekwa mwezi Januari. Anayekimbia hubeba watoto, habebi seva.

Kwa hiyo nakala moja lazima ikae mji mwingine, na ifungwe kwa nywila. Nywila hiyo wajue watu wawili wanaoaminiana, wasioishi nyumba moja. Orodha ya nani aliuza kwa nani, na kwa kiasi gani, ikiangukia mikononi mwa mwenye bunduki huwa orodha ya watu wa kutozwa au kusakwa.

Neno langu kwenu wenye maduka, vyama na zahanati ni hili: mwenye fedha ya diski moja tu ya ziada asijenge RAID. Anakili hesabu zake humo, aifunge kwa nywila, aipeleke mbali, na kila mwezi ajaribu kuifungua. Akipata fedha nyingine, anunue ondulere. RAID ije ya tatu.