Kesi ya Kiwanja Huanzia Siku ya Mauziano
Mada ya semina kwa wamiliki wa ardhi na nyumba

Mnunuzi wa kiwanja Chanika au Kibaha hutoka ofisi ya serikali ya mtaa akiwa na karatasi moja: hati ya mauziano iliyopigwa muhuri wa mwenyekiti. Mashahidi wameweka sahihi, majirani wameonyesha mipaka, fedha zimehesabiwa mezani. Kwa wengi shughuli imekwisha hapo, na kilichobaki ni kusomba matofali. Mada hii inaeleza jinsi kesi itakayozuka miaka kadhaa baadaye inavyopimwa kwa yaliyofanyika siku ile, na kwa yaliyoachwa.

1. Muuzaji anauza nini?

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika Mei 1, 2001. Kwa mujibu wake, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anachouza mtu ni haki ya kuimiliki na kuitumia. Mjini haki hiyo huthibitishwa kwa hati, ambayo muda wake hauzidi miaka 99. Kijijini ipo hakimiliki ya kimila, na kuihamisha kunahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haiwezi kushika nafasi ya kikao.

Basi swali la kwanza la mnunuzi lisiwe bei. Katika kesi ya Farah Mohamed dhidi ya Fatuma Abdallah (1992), mahakama ilisema wazi kwamba asiye na haki katika ardhi hana haki ya kumhamishia mwingine. Nia njema ya mnunuzi haimtengenezei muuzaji umiliki ambao hakuwa nao. Dawa yake ni upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati: daftari litaonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama limewekwa. Kiwanja kisicho na hati hakina daftari hilo. Hapo kazi ni ya miguu: kuuliza majirani, kudai karatasi ya muuzaji aliyetangulia, na kwenda ofisi ya ardhi ya halmashauri kuona kama eneo halimo kwenye mpango wa barabara au hifadhi.

2. Wasiokuwepo mezani

Mwenza wa muuzaji ndiye mara nyingi hukosekana kwenye karatasi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na inamruhusu mwenza kuweka zuio. Haijalishi hati ina jina la nani. Katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu (1983), Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilikuwa fungu lake. Hata hivyo msimamo ule umewasaidia wake wengi waliomfuata.

Warithi nao wana mtego wao. Mtoto wa marehemu, hata akiwa wa pekee, hawezi kudai shamba la baba kwa jina lake. Anayefungua kesi ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Na muda haumsubiri. Kesi ya kudai ardhi hufunguliwa ndani ya miaka 12, na kama marehemu alikuwa akiishika ardhi hiyo hadi kufa kwake, hesabu huanzia siku aliyofariki. Familia inayoahirisha kikao cha mirathi kila mwaka inakula miaka hiyo bila kujua.

3. Kubisha mlango sahihi

Hadi mwaka 2021 Baraza la Kata lilisikiliza na kuamua migogoro ya ardhi. Mabadiliko ya mwaka huo yaliliachia usuluhishi tu. Mlalamikaji huanzia hapo. Wasipoelewana, baraza humpa cheti cha kushindikana kwa usuluhishi. Siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kuendelea hata bila cheti. Kinachofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kama thamani ya ardhi inayodaiwa haizidi shilingi milioni 300. Ikizidi, kesi huenda Mahakama Kuu. Asiyeridhika na uamuzi wa baraza la wilaya ana siku 45 za kukata rufaa.

Penye serikali, njia hubadilika kabisa. Tangu mwaka 2020 halmashauri za wilaya na za vijiji zimo katika utaratibu huo: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuunganishwa, na kesi kufunguliwa Mahakama Kuu. Mwanakijiji anayeishitaki halmashauri ya kijiji katika baraza la wilaya anaweza kuona shauri lake likiondolewa bila shahidi hata mmoja kusikilizwa.

4. Ushahidi

Kesi ya madai haihitaji uthibitisho usioacha shaka. Hemedi Saidi dhidi ya Mohamedi Mbilu (1984) ndiyo hutajwa kila siku: mwenye ushahidi mzito kuliko mwenzake ndiye anayeshinda. Wingi wa mashahidi hauhesabiwi. Na penye hati, mahakama humchukulia mwenye nayo kuwa mmiliki halali, isipokuwa ithibitike kwamba aliipata isivyo halali.

Hati ya madai ieleze ardhi kiasi cha mtu mwingine kuweza kuifikia: namba ya kiwanja na kitalu, au ukubwa na mipaka ya pande zote nne. "Shamba langu lililoko Mlandizi" haitoshi. Baraza likishindwa kujua ni shamba lipi, hukumu haitatekelezeka.

Kukaa muda mrefu nako kuna masharti. Mwaka 2018, katika rufaa ya shirika la masista wa Holy Spirit dhidi ya watu 137, Mahakama ya Rufani mjini Arusha iliwakatalia waliodai eneo kwa sababu tu ya kulikalia miaka mingi. Aliyekaribishwa na mwenye ardhi, naye, hawi mmiliki kwa wingi wa mavuno.

5. Kazi ya vikundi

Kila kikundi kipitie nakala ya hati ya mauziano iliyogawiwa na kujibu: mwenza wa muuzaji ametajwa? Mipaka imeandikwa kwa pande zote? Kama eneo ni la kijiji, muhtasari wa kikao cha halmashauri umeambatishwa? Mgogoro ukizuka kesho, utaanzia baraza gani?