Andiko la Mradi Ataandika Nani?

Msikilizaji, mama wa Singida anayelima alizeti huna la kumfundisha kuhusu bei. Akishika mbegu kiganjani anajua kama zimekauka. Anajua gunia litatoa mafuta kiasi gani na mashudu kiasi gani, na dalali akija na lumbesa watagombana. Sasa mpeleke mama huyohuyo halmashauri akaombe mkopo.

Mkopo upo, tena hauna riba. Sheria inataka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, na humo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Ila kikundi kije na katiba, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki na andiko la mradi. Hapo kina mama wanaanza kutazamana. Ataandika yule aliyefika kidato cha nne, hata kama alizeti anaiona akiwa ndani ya basi. Mwezi huu ni katibu, mwakani ni mwenyekiti, maana ndiye anayeelewana na maofisa. Simlaumu, bila yeye kikundi kisingepata hata shilingi. Lakini mwenye biashara kichwani amebaki kupiga makofi kikaoni.

Na wengi wa kina mama hawa hawakuacha shule kwa kupenda. Mama wa miaka 50 leo alisoma wakati ada zimerudi, miaka ya 1980, na fedha zikipungua nyumbani aliyeendelea ni kaka. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 2001, ya sekondari hadi kidato cha nne ikafutwa 2016. Yeye alishakuwa na wajukuu. Hata kwa wadogo zake mambo hayakunyooka: binti aliyepata mimba alifungiwa mlango wa shule za serikali hadi Novemba 2021.

Mimi nasema hivi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata aende kwenye mashine ya kukamulia, akae na kina mama, aulize magunia mangapi, lita ngapi, mnunuzi nani. Aandike yeye, kisha awasomee alichoandika, wamsahihishe. Mshahara wake unatosha kwa kazi hiyo.

Na siku ya kukagua kikundi, kabla ya mihuri, mwenyekiti aulizwe dumu la mafuta la lita 20 wiki hii linauzwa bei gani. Akigeuka kumtazama mwenzake wa nyuma, afisa amhojie huyo wa nyuma.