Joto la Kiangazi na Vyumba vya Juu vya Paris

Nyuzijoto 39 za Selsiasi si jambo la ajabu kwa mkazi wa Muscat au Dubai. Lakini mwezi Agosti 2003, joto la kiasi hicho liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee, na mji mkuu Paris uliathirika vibaya sana. Je, kwa nini joto lililozoeleka kwingine lilileta maafa huko?

Sehemu ya jibu imo katika majengo yenyewe. Makazi mengi ya katikati ya Paris yalijengwa kwa mawe katika karne ya 19, orofa sita au saba, na wajenzi wake walihofia baridi kuliko jua. Mapaa yameezekwa kwa mabati ya zinki, na chini yake mna vyumba vidogo vilivyokuwa vya watumishi wa nyumbani. Siku hizi hupangwa na wanafunzi na watu wa kipato kidogo. Jua likiwaka, na pasipokuwa na kitu cha kuzuia joto kati ya bati na dari, chumba hugeuka tanuri. Uchunguzi uliofanywa baada ya maafa hayo ulibaini kwamba wazee waliolala chini kabisa ya paa walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufa.

Usiku nao haukuleta nafuu. Mawe na lami, vilivyofyonza joto mchana kutwa, viliendelea kulitoa hadi alfajiri, na kuna siku ambazo vipimo havikushuka chini ya nyuzi 25. Mwili wa mzee usiopumzika usiku hushindwa.

Tangu hapo Paris imegeukia miti. Mwaka 2018 ulianza mpango wa kung'oa lami katika viwanja vya shule na kupanda miti mahali pake. Mti hutoa kivuli, na majani yake hutoa mvuke unaopunguza joto la hewa. Sharti upate maji, kwani katika ukame majani hufunga vinyweleo vyake na mvuke hukoma.

Lakini kivuli cha mti huishia barabarani. Hakimfikii anayelala orofa ya saba. Julai 25, 2019, Paris ilipofikia nyuzi 42.6, bati lilikuwa juu ya kichwa chake vilevile. Kiyoyozi humpoza yeye na kumwagia jirani joto. Dawa yake ni kuzuia joto darini, kufunga vizuia jua nje ya madirisha, au kupaka paa rangi nyeupe.

Hapo ndipo penye mvutano. Mapaa hayo ya kijivu ni fahari ya jiji, na Desemba 2024 ufundi wa kuyaezeka uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO. Mpangaji wa juu hana kauli juu ya paa. Hupigiwa kura na wamiliki wa jengo zima, na baadhi yao hulala orofa za chini, kwenye kuta nene na dari ndefu.