Neno la Kweli Lifike Mpakani Kabla ya Uvumi

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyosomwa mjini Busia mbele ya maafisa uhusiano, waandishi wa makampuni na viongozi wa wafanya biashara waliokusanyika kwa mafunzo ya siku moja. Tunayapiga chapa hapa kwa faida ya wasomaji wote, kwa kuwa mambo yaliyomo hayawahusu maafisa peke yao.



Nimeombwa kusema juu ya mafunzo yawafaayo watu ambao kazi yao ni kueleza: maafisa uhusiano wa idara za Serikali, wa kaunti, wa makampuni na wa vyama vya biashara. Ningeweza kuanza na vitabu, lakini naona ni afadhali nianze na barabara iliyo nje ya mlango huu.

Zamani, kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na mwendo wa miguu, na vijana wenye baiskeli waliwachukua abiria na mizigo yao kwa malipo madogo. Yasemekana waliwaita wateja kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpaka hadi mpaka, na hapo likazaliwa neno bodaboda, ambalo leo lasikika Afrika ya Mashariki yote. Hapana afisi iliyolitangaza neno hilo, wala halikubandikwa ukutani. Lilisafiri kwa vinywa vya watu. Mlikumbuke jambo hili, kwa maana hapa mpakani neno lina miguu. La kweli hutembea, na la uongo hutembea vile vile.

MAHINDI YALIYOKWAMA

Mtakumbuka mambo ya mwezi wa Machi, 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo mamlaka inayosimamia kilimo na chakula nchini Kenya iliwaandikia wakuu wa forodha barua ya kuzuia mahindi yatokayo Uganda na Tanzania, kwa kuwa vipimo vilionyesha sumu ya kuvu kupita kiasi kinachoruhusiwa. Malori yaliyokuwa yamekwisha kupakiwa yakasimama hapa. Tarehe 10, yaani siku tano baadaye, Wizara ya Kilimo ikaeleza masharti ya kuyaruhusu: waagizaji waandikishwe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumu ya aflatoksini haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja.

Sisemi kwamba hatari ile ilikuwa ya kubuni. Hasha. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Serikali isiyowalinda watu wake na chakula kama hicho haitimizi wajibu wake.

Swali langu ni lingine. Mfikirie mfanya biashara mdogo aliyeweka akiba yake yote katika magunia arobaini, na magunia hayo yamo ndani ya lori lililosimamishwa. Je, katika siku zile tano amwulize nani? Barua ilitoka afisi moja kwenda afisi nyingine. Haikuandikwa kwa ajili ya masikio yake. Wazee walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Palipokosekana maelezo, kila mtu alijaza nafasi kwa dhana yake: huyu akisema mahindi yote ya jirani ni sumu, yule akisema hapana sumu, ni hila ya biashara tu. Dhana zote mbili zina madhara. Ya kwanza huvunja ujirani, na ya pili humfanya mtu apuuze sumu ya kweli.

Tangazo la saa ya kwanza lilipaswa kujibu maswali matatu tu. Ni kitu gani kilichozuiwa, na kwa sababu gani? Mali iliyokwisha kuwa njiani itafanywaje? Na neno lingine litatoka lini, na wapi? Hata kama jibu la swali la pili halijapatikana, yafaa kusema wazi, "Hatujaamua, tutawajulisha kesho saa nne asubuhi." Mtu aliyeambiwa hivyo aweza kungoja. Asiyeambiwa lolote hawezi.

KAZI HII ILIKOTOKA

Kazi yetu si ngeni duniani. Mwaka 1906, huko Marekani, gari moshi lilianguka kutoka darajani karibu na mji wa Atlantic City, na watu zaidi ya hamsini wakafa. Desturi ya makampuni ya reli siku hizo ilikuwa kuficha. Lakini Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuajiriwa na kampuni ya Pennsylvania Railroad, aliandika habari za ajali ile akawapa waandishi wote, tena wakapelekwa wakaone mahali penyewe. Basi kampuni ikapata heshima kwa kusema kweli. Lakini tusimsifu kupita kiasi. Bwana Lee huyo huyo, wakati wa mgomo wa migodi ya Colorado mwaka 1914, alieneza makaratasi yenye habari zisizo sahihi kwa faida ya matajiri waliomwajiri, na jina lake likachafuka. Njia ya mwongo ni fupi.

Nasi hapa kwetu tuna historia. Chuo cha mawasiliano cha Nairobi kilianza mwaka 1961. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua shule ya uandishi wa habari mwaka 1970. Chama cha Uhusiano Mwema cha Kenya kikaundwa mwaka 1971. Na mwaka 1975 vyama vya namna hiyo vya Afrika vikaunda shirikisho lao mjini Nairobi. Kwa hiyo walimu tunao, na vyama tunavyo. Lililobaki ni kuuliza kama mafunzo yenyewe yawafikia watu tunaowahudumia.

TANGAZO LILILOFUNGIA KARANGA

Nani asiyejua mikutano yetu? Twasafiri kilomita zaidi ya mia nne hadi Nairobi, twakaa katika ukumbi wenye ubaridi, twasikiliza habari za makampuni makubwa ya ng'ambo, twapewa mkoba na cheti, nasi twarudi. Siidharau mikutano hiyo, maana humo mtu hukutana na wenzake na kujua kwamba hayuko peke yake. Lakini cheti hakimjibu dereva aliyesimama kwenye foleni Malaba.

Nami nakiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana katika afisi ambayo sitaitaja, niliandika tangazo juu ya utaratibu rahisi wa biashara ndogo za mpakani. Niliona fahari juu ya tangazo hilo, kwa kuwa halikuacha kifungu hata kimoja cha sheria. Baadaye nikanunua karanga kwa mama mmoja sokoni, nikaona amezifungia katika tangazo langu.

Nikamwuliza, "Mama, karatasi hii umeisoma?"

Akanijibu, "Mwanangu, nimejaribu mara mbili. Yasema nini?"

Nikamweleza pale pale. Mali yako ikiwa imetoka katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na imo katika orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, utapata cheti rahisi hapa hapa mpakani, wala hutalipa ushuru wa forodha, ingawa ukaguzi wa mimea na masharti mengine bado yapo. Yule mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nimepita njia za panya miaka mitatu, nikimlipa kijana wa kunivusha. Mbona hukuandika hivyo?"

Sikuwa na jibu. Miaka mitatu ya hofu na hasara, kwa sababu mimi niliandika ili mkubwa wangu anisifu, sikuandika ili mama yule aelewe.

MAFUNZO YAJE PALIPO NA KAZI

Kwa hiyo natoa shauri. Mafunzo ya watu wa kazi yetu yafanywe pia Busia na Malaba, tena yafanywe hivi.

Asubuhi, kila mwanafunzi apewe tangazo halisi la Serikali au la kampuni, aligeuze kuwa mistari kumi ya maneno ya kila siku. Kisha atoke nje akawasomee watu watatu: dereva wa lori, mama wa sokoni na kijana wa bodaboda. Asiwaulize, "Mmeelewa?" maana kwa adabu watamjibu, "Ndiyo." Awaombe wamweleze yeye alivyosema. Wakikosea, kosa ni la mwandishi. Tena asisahau lugha. Hapa wapo Wateso, Wasamia, Wakhayo, Wamarachi na wengine wengi, na baadhi yao wana ndugu pande zote mbili za mpaka. Kiswahili chawaunganisha, lakini habari ya hatari humfikia mtu upesi kwa lugha ya nyumbani kwao.

Adhuhuri wajizoeze saa ya msiba. Barabara zetu zapitiwa na malori ya mafuta mchana na usiku. Tarehe 31 Januari, 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, watu zaidi ya mia moja walikufa lori la mafuta lililopinduka lilipowaka moto huku wakichota. Mwezi wa Julai, 2021, msiba wa namna hiyo ukatokea Malanga, katika barabara hii hii itokayo Kisumu kuja Busia, na zaidi ya kumi wakafa. Mwanafunzi aambiwe: lori limepinduka sasa hivi. Je, katika dakika kumi utamwambia nani, kwa njia gani, na kwa maneno mangapi? "Kaeni mbali. Msiwashe moto wala injini. Waiteni watoto." Maneno kama hayo yawe tayari kabla ya siku yenyewe, na watangazaji wa redio, machifu na viongozi wa bodaboda wawe wanajulikana kwa majina na kwa simu.

Jioni wajifunze sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 champa raia wa Kenya haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 yaagiza kwamba anayeomba ajibiwe katika siku 21, au katika saa 48 kama habari yahusu uhai au uhuru wa mtu. Basi afisa uhusiano si bawabu wa kufunga mlango. Kazi yake ni kumwongoza mtu hadi ndani.

Tarehe 24 Februari, 2018, marais wa Kenya na Uganda walifungua hapa Busia kituo cha pamoja, ambamo maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya dari moja, na msafiri akasimama mara moja badala ya mara mbili. Kama forodha za nchi mbili zaweza kukaa pamoja, kwa nini sisi tunaoeleza habari tusifanye vivyo hivyo? Tangazo likitolewa upande mmoja, mwenzetu wa upande wa pili alipate saa ile ile, ili dereva asisikie neno hili hapa na neno lingine hatua mia mbili mbele.

Na ninyi wafanya biashara na wenye magari, msidhani hotuba hii si yenu. Mkipewa karatasi msiyoielewa, rudini mkaulize. Ombeni jina la afisa na siku ya jibu. Afisa mwema hachukizwi na swali, kwa kuwa kwa swali lenu atajua alipokosea.

Nawaomba wenzangu jambo moja kabla ya kuagana. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua barua za afisini, kila mmoja aende kwenye foleni ya malori amwulize dereva wa kwanza atakayemkuta, "Jambo gani umeambiwa jana, na umeliaminije?" Jibu atakalopata ndilo somo lake la kwanza.