Nyundo Katika Kazi ya Bwana



Hapa kwetu Matayos na Busia mafundi ni wengi: wa baiskeli, wa kuchomelea vyuma, wa redio, wa cherehani. Lakini mara nyingi sisi wazazi husema, "Mtoto huyu masomo yamemshinda, basi na awe fundi." Je, Mungu naye huidharau kazi ya mikono hivyo?

Tumfikirie Alexander Mackay. Alizaliwa Scotland mwaka wa 1849, mwana wa mchungaji. Alijifunza uhandisi, akafanya kazi Berlin ya kuchora mitambo, na huko akabuni mashine ya kilimo iliyopata tuzo. Mbele yake palikuwa na cheo na mali. Lakini iliposikika kwamba Kabaka Mutesa anataka walimu, alijitoa kwa chama cha C.M.S., akasafiri mwaka wa 1876. Mwaka uliofuata alisimamia kukatwa kwa njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230. Novemba 1878 akafika Buganda. Huko alifua chuma, akaunda mashua, akachonga herufi kwa mkono, akapiga chapa Maandiko kwa Kiganda.

Hata hivyo, ufundi wake haukuzuia msiba. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni waliuawa kwa moto. Oktoba mwaka huohuo Askofu Hannington, aliyepita kwa jirani zetu wa Mumias, akauawa Busoga. Mackay hakukimbia. Aliendelea kufundisha na kupiga chapa mpaka alipofukuzwa mwaka wa 1887. Akahamia Usambiro, kusini ya Ziwa, akafa kwa homa tarehe 8 Februari 1890. Alikuwa na miaka 40, wala hakurudi kwao tena.

Ndugu zetu, chuma alichofua kimeliwa na kutu. Lakini waliojifunza kusoma kwa zile herufi waliwafundisha wengine, na Kanisa likasimama yeye akiwa mbali.

Katika Kutoka 31 tunasoma habari za Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, mawe na miti. Basi tusimwone haya kijana mwenye nyundo. Tumwombee, tumfundishe uaminifu, tumkabidhi kwa Bwana.

Na tuombe: Ee Bwana, ibariki mikono yetu, utuweke waaminifu hata tusipoyaona matunda. Amina.