Mzizi wa Fangji na Usugu wa Dawa katika Saratani ya Matiti



Kila aliyehudumu katika wodi ya saratani anaijua doksorubisini kwa rangi. Wagonjwa huiita “ile nyekundu”, na wengi hushtuka wakiona mkojo nao umekuwa mwekundu baada ya dripu. Mara nyingi uvimbe wa titi hunywea. Kisha, kwa baadhi ya akina mama, uvimbe huanza kukua tena ilhali dawa inaingia mshipani vilevile na dozi haijapunguzwa. Kilichobadilika ni seli: zimekuwa sugu.

Mwaka 1976 watafiti Juliano na Ling walieleza protini iliyojaa kwenye utando wa seli sugu, wakaiita P-glikoprotini. Ni pampu. Inaitema dawa nje kabla haijafanya kazi, kama baharia anayefua maji ngalawani. Tena haichagui: hutema doksorubisini, paklitakseli na vinkristini pia. Usugu una vyanzo vingine, lakini hiki ndicho kilichowavutia zaidi watafiti wa mitishamba ya Kichina.

Katika tiba ya jadi ya China kuna mzizi uitwao fangji, unaotokana na mmea wa Stephania tetrandra, unaotumiwa kwa miguu iliyojaa maji na maumivu ya viungo. Ndani yake mna kemikali iitwayo tetrandrini. Maabarani, seli sugu za saratani ya matiti zikipewa tetrandrini pamoja na doksorubisini, pampu huzibwa, dawa hubaki ndani na seli hufa. Nilipoyasoma matokeo hayo kwa mara ya kwanza nilifurahi sana, na bado yananipa matumaini.

Lakini sahani ya maabara haina ini wala moyo. Pampu hiyohiyo inalinda utumbo, figo na ubongo wetu. Ukiiziba kwenye uvimbe, umeiziba kwingine pia, na sumu ya dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Valspodari, dawa iliyotengenezwa kiwandani ili kuiziba pampu hiyo, iliwalazimu madaktari kupunguza dozi za dawa za saratani, na katika majaribio makubwa haikurefusha maisha kama ilivyotarajiwa.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonileta mbele yenu. Jina “fangji” hubebwa na zaidi ya mmea mmoja. Hanfangji ndiyo Stephania. Guangfangji ni Aristolochia fangchi. Mizizi yote miwili huuzwa ikiwa vipande vikavu vilivyopauka, vyenye mistari inayotoka katikati kama spoku za baiskeli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kliniki ya kupunguza unene mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliandikiwa vidonge vya Stephania. Ndani yake mlikuwa na Aristolochia. Zaidi ya 100 waliharibika figo kwa sumu ya mmea huo, asidi ya aristoloki. Taarifa ya mwaka 2000 ilieleza wagonjwa 39 waliokubali kuondolewa figo zao zilizokufa: 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo.

Mzizi unaotupa tetrandrini ndio huohuo uliobadilishwa.

Sisemi mitishamba ya China haifai. Dawa mseto tunayowapa watoto wetu wenye malaria imetokana na pakanga ya Kichina, na Tu Youyou, aliyegundua artemisinini katika mmea huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ila artemisinini ilitufikia ikiwa imetambuliwa, imepimwa na ina dozi. Tetrandrini nayo inastahili kupitishwa njia hiyo, kwa wagonjwa wanaofuatiliwa ini, moyo na figo.

Mama mmoja, akiwa amebakiza mizunguko miwili ya dripu, alinifungulia pindo la khanga: unga wa kijivu, mkavu, usio na jina. Alikuwa akiunywa kila asubuhi “ili ile nyekundu ishike”. Daktari wake hakujua, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Naomba katika fomu zetu, kabla ya kila mzunguko, liwepo swali hili, tena liulizwe kwa upole: “Mama, kuna dawa nyingine unayokunywa nyumbani? Tuletee tuione.”